Tiba ya Mionzi Baada ya Upasuaji wa Kuhifadhi Titi

Upasuaji wa kuhifadhi titi huondoa uvimbe wa saratani pamoja na sehemu ndogo ya nyama inayouzunguka, huku titi likibakizwa. Hufanyika pale ugonjwa unapogundulika mapema. Hata hivyo, kwa wagonjwa walio wengi matibabu hayo hayakamiliki bila tiba ya mionzi.

Hata baada ya uvimbe kutolewa, chembe za saratani zisizoonekana kwa macho zinaweza kubaki ndani ya titi. Mionzi huharibu vinasaba vya chembe hizo zikashindwa kuongezeka. Chembe zenye afya nazo huathirika, lakini zina uwezo mkubwa zaidi wa kujirekebisha.

Utafiti ulioanza Marekani mwaka 1976, ukiongozwa na daktari wa upasuaji Bernard Fisher, uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 20. Saratani ilirudi katika titi lilelile kwa asilimia 39.2 ya waliofanyiwa upasuaji wa kuhifadhi titi pekee, ikilinganishwa na asilimia 14.3 ya waliopata pia mionzi. Uchambuzi wa tafiti 17 uliotolewa mwaka 2011, uliohusu wanawake 10,801, ulibainisha kuwa mionzi ilipunguza vifo vitokanavyo na saratani ya matiti katika kipindi cha miaka 15 kutoka asilimia 25.2 hadi 21.4.

Tiba huanza baada ya kidonda kupona. Anayehitaji dawa za kemikali kwa kawaida humaliza dawa hizo kwanza. Mgonjwa hufanyiwa kipimo cha CT Scan ili wataalamu wapange mionzi ilifikie titi na kuepuka moyo na mapafu kadiri iwezekanavyo. Kila awamu huchukua dakika chache, haina maumivu wala haihitaji kulazwa. Mionzi hiyo ya nje haibaki mwilini, hivyo mama anaweza kumkumbatia mwanawe bila hofu.

Zamani awamu zilikuwa 25 kwa wiki tano. Siku hizi wengi hupata 15 kwa wiki tatu, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionesha kuwa awamu tano kwa wiki moja zinaweza kutosha kwa baadhi ya wagonjwa.

Madhara ya kawaida ni uchovu, titi kuvimba na ngozi kubadilika rangi. Mengi hupungua baada ya wiki kadhaa.

Nchini Tanzania, tiba ya mionzi hutolewa katika vituo vichache, vikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa anayeishi mbali, nauli na malazi ni sehemu ya uamuzi wa matibabu. Mambo hayo yazungumzwe na daktari kabla ya upasuaji, kwani kwa asiyeweza kupata mionzi, kuondoa titi lote huenda kukawa salama zaidi. Kupona kwa kidonda pekee si uthibitisho wa kupona saratani.