Walisafisha kwanza, kisha wakawasha taa



Yohana 10:22 inatuonyesha Yesu hekaluni, wakati wa baridi, kwenye Sikukuu ya Kutabaruku. Tukiitafuta sikukuu hiyo katika vitabu vya Musa, hatuioni. Ilianza kati ya Malaki na Mathayo.

Mwaka 167 mbele ya Kristo, mfalme Antioko wa Nne, aliyetawala Siria, alikataza Wayahudi kushika sabato na kutahiri watoto. Akaingiza ibada ya Zeus, mungu wa Wagiriki, katika hekalu la Yerusalemu. Kuhani Matathia wa Modini alikataa, akakimbilia milimani na wana wake watano. Mmoja wao, Yuda Makabayo, akaongoza vita, na mwaka 164 wakarudi hekaluni. Walibomoa madhabahu iliyotiwa unajisi, wakaweka mawe yake kando, wakajenga mpya. Ndipo wakawasha taa, wakafurahi siku 8.

Mapokeo ya marabi yanasema ilipatikana chupa moja tu ya mafuta safi, ya kutosha siku moja, nayo ikawaka siku 8. Kwa hiyo Wayahudi, katika sikukuu hiyo wanayoiita Hanuka, huwasha taa moja usiku wa kwanza, mbili usiku wa pili, mpaka zifike 8. Huziweka dirishani au mlangoni, wapita njia wazione. Mwanga wake hautumiwi kwa kazi yoyote; ndiyo sababu kuna taa ya 9, inayoitwa mtumishi, ambayo huwasha zingine. Tena hula vyakula vilivyokaangwa, kwa kukumbuka yale mafuta.

Lakini tusiishie hapo. Ukoo huo wa Makabayo ulichukua ukuhani mkuu, kisha ufalme. Baadaye ndugu wawili, Hirkano na Aristobulo, waligombania kiti, kila mmoja akitafuta msaada wa Waroma. Mwaka 63 Pompeyo, jemadari wa Roma, akaingia mpaka Patakatifu pa Patakatifu. Nyumba ambayo wazee waliisafisha kwa damu yao, uzao wao uliifungulia wageni.

Hatulazimishwi kuwasha taa za Wayahudi, wapendwa. Sisi wenyewe tu hekalu la Mungu. Ila tunapogombania viti kanisani, hata kupelekana mbele ya tribinali, tunamfungulia nani mlango? Tusafishe madhabahu kwanza. Na kati yetu, taa inayowasha zingine iwe mtumishi.