Serikali haina siri

"Siri kali." Huo utani kila Mkenya ameusikia, kwenye matatu, kwenye vichekesho, kwa mjomba fulani anayeutoa kana kwamba ameuvumbua yeye. Utani mtamu, ila neno lenyewe halina siri ndani yake. Wala ukali.

Limetoka Kiajemi: sarkār. Sar ni kichwa, kār ni kazi. Yaani mkuu wa shughuli. Kiajemi ndicho kilikuwa lugha ya ofisi India enzi za Mughal, na sarkar ikawa jina la wilaya, la mwenye mamlaka, la mamlaka yenyewe. Hadi leo ukienda Delhi, sarkar ni serikali. Huku pwani, Kiswahili, ambacho hakipendi konsonanti kubanana, kikapachika irabu katikati na nyingine mwishoni, r ya pili ikawa l, basi, likawa letu.

Sasa chimba zaidi. Mwaka 1786, William Jones, jaji Mwingereza aliyekuwa Calcutta, aliwaambia wasomi wenzake kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno, lazima vina chimbuko moja ambalo pengine limeshatoweka. Lugha hiyo mama, Proto-Indo-Ulaya, haikuandikwa popote. Wataalamu wameiunda upya sauti kwa sauti, na ndiyo maana mizizi yake huwekewa nyota: ni makisio, ingawa ya kisayansi. Mzizi wa sar ni *ḱerh₂-, kichwa au pembe. Ile k ya mwanzo Kilatini kiliibakisha (cerebrum, ubongo), Kiingereza kikaifanya h (horn, pembe), Kiajemi kikaifanya s. Kār nayo ni ya *kʷer-, kufanya, na hapa ndipo nilipocheka peke yangu: mzizi huohuo ulizaa karma. Serikali na karma ni binamu wa damu!

Kwa hivyo mama aliyesombwa nyumba na mafuriko akilia "serikali saidia" kwenye habari za saa moja, neno analoliita lina kazi ndani yake. Kutenda. Si kutuma rambirambi.

Ati kuna pia dola, la Kiarabu, ambalo mzizi wake ni kuzunguka, kupokezana: leo wewe, kesho mwingine. Mimi ningelichagua hilo. Lakini tumeliachia vyombo vya dola, na vyombo hivyo vinajulikana kwa rungu na vitoa machozi, si kwa kupokezana.