Kabla ya Mbwa Kupata Kwao

Mwaka 1860, mwanamke mmoja Mwingereza, Mary Tealby, alifungua kituo katika mabanda ya farasi huko Holloway, kaskazini mwa London, akakiita makao ya muda ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Kwa zama zile ilikuwa hatua kubwa. Mbwa asiye na mwenyewe hakuwa na wa kumtetea. Jijini New York, hadi mwaka 1894, mbwa waliokamatwa mitaani walitiwa katika kizimba cha chuma na kuzamishwa mtoni. Huko London, gazeti la The Times lilimkejeli Tealby, lakini kituo hakikufa. Mwaka 1871 kilihamia Battersea, na mwaka 1885 Malkia Victoria akakubali kuwa mlezi wake. Mlezi huyo alikuwa wa heshima, mwenye jina lake juu ya barua za kituo. Mlezi wa aina nyingine, anayelala nyumba moja na mbwa kwa muda na kumjua tabia kabla hajapata mwenyewe mpya, alichelewa sana kuingia katika simulizi hii. Hoja yangu ni kwamba huyo wa pili ndiye aliyekuja kukamilisha kazi ya Tealby, na kwamba thamani yake kubwa imo katika ujuzi anaoupata, zaidi hata ya huruma aliyo nayo.

Kituo hujibu swali moja tu: mbwa alale wapi usiku wa leo. Hakiwezi kusema atakuwa mbwa wa namna gani nyumbani kwa watu, kwa sababu ndani ya kizimba hakuna ngazi, hakuna mtoto anayelia, hakuna paka wala mgeni anayebisha hodi. Kuna sakafu ya saruji na mbweko wa wenzake mchana kutwa. Mbwa mpole akiwa na hofu hujikunyata au hubweka, na anayekuja kuchagua humpita akidhani ni mkali. Mwingine huchukuliwa kwa uzuri wa manyoya, kisha hurudishwa baada ya wiki mbili kwa kasoro ambayo hakuna aliyeijua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kituo hakijawahi kulalia kitanda hicho.

Waliotangulia kuelewa jambo hili hawakuwa waokoaji wa mbwa. Walikuwa watu waliofunza mbwa wa kuwaongoza vipofu. Shirika la The Seeing Eye, lililoanzishwa Marekani mwaka 1929, lilianza mwaka 1942 kuwapeleka watoto wa mbwa kwa familia za mashambani, walelewe na vijana kabla ya mafunzo. Nchini Uingereza mpango kama huo ulianza mwaka 1956, baada ya kuonekana kwamba wengi wa mbwa wakubwa waliotolewa na watu hawakuifaa kazi. Sayansi ikaja kueleza sababu. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wao Bar Harbor, Maine, walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa huzoea watu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, na anayekosa fursa hiyo hupata taabu kuifidia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kizimba hakilei.

Vituo vya waokoaji vililipata somo hilo polepole, mara nyingine kwa kulazimika. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwezi Agosti 2005, wanyama waliookolewa walizidi nafasi, wakasambazwa majimbo mengi, na wengi wakahifadhiwa majumbani mwa watu wa kujitolea. Tangu hapo vipimo vimeongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia mbwa 207 kutoka vituo vitano vya Marekani, uligundua kwamba kotisoli, homoni inayopanda mnyama anapokuwa na msongo, ilishuka mbwa walipolala nyumbani kwa mtu usiku mmoja au mbili tu.

Wapo wanaosema kumzoesha mbwa nyumba kisha kumwondoa ni kumtupa mara ya pili. Pingamizi hili lina uzito, lakini utafiti uleule unalijibu kwa sehemu: mbwa waliporudi kituoni, homoni hiyo ilirejea karibu na ilipokuwa mwanzo. Mapumziko hayakuacha deni. Tena katika malezi ya muda yaliyopangwa vizuri, mbwa harudi kizimbani. Hutoka kwa mlezi akaenda moja kwa moja kwa mwenyewe mpya. Wengine husema wanaochukuliwa na walezi ni wale wapole ambao wangepata kwao hata hivyo. Huenda ni kweli kwa baadhi yao, na ndiyo maana takwimu zinazovutia zisomwe kwa hadhari. Lakini watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo, wagonjwa, wazee na waoga ndio wanaohitaji nyumba kuliko wote, na hao ndio vizimba huwaumiza zaidi. La mwisho ni lawama iliyomkuta Tealby mwenyewe: kwa nini mbwa, ilhali watu wana shida? Ajabu ni kwamba malezi ya muda ndiyo njia inayogharimu kidogo, maana hutumia nafasi ambayo tayari ipo majumbani badala ya kujenga majengo mapya.

Mlezi naye hapati mali. Humtunza mnyama kwa wiki kadhaa, kisha humkabidhi kwa mwingine pamoja na habari ambazo hakuna kituo kingeweza kuziandika: anaogopa radi, hana neno na watoto, asiachwe peke yake na kuku. Karatasi hiyo moja inampa mpokeaji sababu ya kutomrudisha, na nafasi aliyoiacha mbwa huyo hungoja mwingine.