Injini Ndogo Si Nakala ya Kubwa

Anayeiona kwa mara ya kwanza injini ya treni ya mvuke yenye urefu wa mkono, silinda zake zimesubiwa na kukerezwa, magurudumu yanazunguka na moshi unatoka kwenye dohani, hudhani kwamba kazi iliyofanyika ni ya kunakili tu. Fundi, kwa fikra hiyo, alichukua mchoro wa injini kubwa, akagawa kila kipimo kwa 12 au kwa 16, kisha akachonga. Ndiyo maana historia ya ufundi huu huwekwa rafu moja na wanasesere. Naipinga fikra hiyo, na naipinga kwa ushahidi wa zaidi ya karne mbili: injini ndogo inayokwenda kwa mvuke wake yenyewe haijawahi kuwa nakala. Iliponakiliwa tu, iligoma. Ilipokwenda, ni kwa sababu mtu aliketi akaifikiri upya, na mara kadhaa fikra hizo ziliinufaisha injini kubwa.

Ushahidi wa kwanza ni wa kabla ya reli. Majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764, James Watt, fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa modeli ya injini ya Newcomen aitengeneze. Injini kubwa za aina hiyo zilikuwa zikivuta maji migodini tangu 1712. Modeli ilikuwa na silinda ya kipenyo cha inchi 2 na mwendo wa pistoni wa inchi 6, na boila yake ilionekana kubwa ya kutosha. Watt akaitengeneza, akaiwasha. Ikapiga mapigo machache, mvuke ukaisha. Sababu haikuwa ubovu wa vipande. Uji wa kikombe hupoa kabla ya uji wa sufuria, na kwa silinda ni vivyo hivyo: ukipunguza urefu mara 10, eneo la ukuta linalopoteza joto hupungua mara 100, lakini ujazo wa mvuke ulio ndani hupungua mara 1,000. Silinda ya Newcomen ilimwagiwa maji baridi ndani kila pigo ili mvuke ugeuke maji, kisha ikahitaji kupashwa tena. Kwenye injini kubwa hasara hiyo ilivumilika, hasa kwenye migodi ambako makaa ya mawe yalikuwa rahisi kupatikana. Kwenye injini ndogo haikuwa na pa kujificha. Mwaka 1765 Watt akapata wazo la kuupeleka mvuke ukapoe katika chombo cha pembeni, na mwaka 1769 akapata hataza. Huenda ikasemwa kwamba mtu wa akili yake, tena aliyekuwa karibu na Joseph Black, mwalimu wa mambo ya joto, angeligundua jambo hilo hata bila modeli. Labda. Lakini kwa nusu karne watu walisimama kando ya injini kubwa mchana na usiku, na wala hasara ile haikuwafikisha huko.

Kwa injini zinazotembea, mpangilio wa matukio wenyewe unatosha kuitia shaka dhana ya nakala. Mwaka 1784 William Murdoch, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Boulton na Watt huko Cornwall, aliunda kigari cha magurudumu matatu kilichokwenda kwa mvuke uliochemshwa na taa ya spiriti. Richard Trevithick, wa Cornwall vilevile, alijaribu modeli za mvuke wa shinikizo la juu mwishoni mwa miaka ya 1790. Gari lake kubwa la barabarani likaja 1801, na tarehe 21 Februari 1804 injini yake ikavuta tani 10 za chuma kwenye reli za Penydarren, Wales. Ndogo zilitangulia. Hapakuwa bado na injini kubwa ya reli ya kunakiliwa.

Pingamizi zito zaidi linatokana na karne ya 20, wakati injini kubwa zilikuwa zimekwisha kukomaa na ujenzi wa ndogo umekuwa shughuli ya maelfu ya watu majumbani. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha mjini London jarida la The Model Engineer, na mwaka huohuo ikaundwa jumuiya ya wajenzi wa modeli mjini humo. Huko Northampton kampuni ya Bassett-Lowke iliuza injini zilizokamilika, na pia vipande vya kusubu kwa anayetaka kujijengea. Msanifu wake mkuu, Henry Greenly, alikuwa mtu wa elimu ya kweli. Ndiye aliyesanifu injini za reli ya Romney, Hythe na Dymchurch, yenye upana wa inchi 15, iliyofunguliwa 1927. Kwa injini ndogo kabisa, hata hivyo, alitetea boila ya mirija ya maji inayochemshwa kwa spiriti. Kati ya 1922 na 1924 akapingwa na mwandishi aliyejiita LBSC, jina alilolitwaa kutoka herufi za kampuni ya reli ya London, Brighton and South Coast. Injini yake, Ayesha, ya reli ya inchi 2½, ilichoma makaa ya mawe, ilipitisha moshi ndani ya mirija iliyozungukwa na maji, na ilirusha mvuke uliotumika juu kupitia dohani ili uvute hewa motoni. Ikamvuta mtu mzima. Mabishano yale yalijulikana kama Vita vya Boila, na LBSC ndiye aliyeshinda.

Hapa msomaji makini atauliza: si huo ndio ushindi wa nakala? LBSC aliurudia mpango wa injini kubwa, na mpango huo ndio uliofanya kazi. Swali ni zuri, na jibu lake limo ndani ya boila. Injini kubwa ya zama hizo ilikuwa na mirija mia moja na zaidi. Igawe kwa kipimo uone: utapata mirija myembamba kiasi kwamba masizi yataiziba upesi, na moshi utapita kwa shida. Boila ndogo inayofanya kazi huwa na mirija michache, mipana kuliko kipimo kinavyoruhusu, kwa kawaida ya shaba nyekundu na iliyounganishwa kwa lehemu ya fedha. Kwa idadi hiyo inakaribiana zaidi na Rocket, iliyoshinda mashindano ya Rainhill mwaka 1829 ikiwa na mirija 25, kuliko na injini ambayo sura yake inaiga. LBSC alichukua kanuni, akaacha vipimo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuelewa na kunakili.

Usubuji nao unatoa ushahidi, na kwa maoni yangu ndio ulio wazi kuliko wote, kwa kuwa mchanga haujali michoro. Ili kusubu silinda, fundi huchonga kwanza kielelezo cha mbao, kikubwa kidogo kuliko kipande kinachotakiwa, kwa maana chuma hupungua kwa takriban asilimia 1 kikipoa, na shaba hupungua zaidi. Pande zake hulazwa kidogo ili kielelezo kitoke bila kubomoa mchanga. Tundu la silinda huachwa kwa kiini cha mchanga kilichookwa, kinachowekwa ndani ya kalibu kabla ya kumimina. Hayo ni yaleyale ya kiwanda kikubwa. Lakini chembe ya mchanga haipungui kwa sababu injini imepungua, na chuma kilichoyeyuka kikipita penye wembamba huganda kabla ya kuijaza kalibu. Zaidi ya hayo, chuma cha kusubu kikipoa haraka mno huwa kigumu na cheupe, kikamaliza makali ya kila kisu cha kukerezea. Kwa hiyo msubuji huacha kuta nene kuliko kipimo, kisha huzipunguza kwa kukereza; au hutumia shaba ngumu badala ya chuma; au, kwa vipande vidogo vyenye nakshi, hurudi kwenye kusubu kwa nta, ufundi ambao mabingwa wa Ife na Benin waliufikisha kileleni karne nyingi kabla ya mvuke. Kila uamuzi wa namna hiyo ni usanifu mpya. Mchoro wa injini kubwa hauna jibu hata kwa mmoja wapo.

Wapo wanaosema kwamba injini yenye kuta nene na mirija mipana inadanganya, na kwamba modeli ya kweli ni ile ya kwenye kabati la kioo, iliyo sahihi hadi ribiti ya mwisho. Naiheshimu kazi hiyo, lakini injini kubwa ilijengwa ili ivute. Modeli isiyovuta imehifadhi sura na kuacha kazi. Wengine husema huu ni mchezo wa matajiri. Ziko injini zilizogharimu fedha nyingi, ndiyo. Ila LBSC aliandika kwa miongo kadhaa, karibu hadi alipofariki 1967, akimwelekeza hatua kwa hatua mtu mwenye mashine ndogo ya kukereza nyumbani, anayenunua kipande kimoja leo na kingine mwezi ujao.

Pale ninapokubali kushindwa ni kwenye dai kwamba wajenzi hawa waliuhifadhi ufundi wote wa mvuke baada ya reli za Uingereza kuachana nao mwaka 1968. Injini mpya kabisa ya Tornado ilipokamilishwa Darlington mwaka 2008, boila yake ilitoka Meiningen, Ujerumani. Boila ndogo ya shaba haikumfundisha mtu kuunda boila ya chuma ya tani kadhaa. Wala hilo halipingani na hoja yangu, linaithibitisha. Kama ndogo ingekuwa nakala ya kubwa, ujuzi ungehama moja kwa moja.

Injini za Garratt za daraja la 59, zilizojengwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, ni mtihani mzuri wa haya yote. Zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima yetu, na Mount Gelai ingalipo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Reli ya mita moja ikipunguzwa mara 8 inakaribia sana reli ya inchi 5 ya wajenzi wa modeli. Hapo injini ya tani 252 inakuwa na uzito wa takriban nusu tani. Sifa kuu ya Garratt haipotei kwa kupunguzwa: boila inaning'inia kati ya seti mbili za magurudumu, haina gurudumu chini yake, hivyo sanduku la moto linaweza kuwa pana na lenye kina. Mengine yote hubadilika. Injini halisi ilichoma mafuta, na mwali wa mafuta unahitaji nafasi ambayo sanduku dogo halina, kwa hiyo mjenzi hana budi kufikiria makaa ya mawe au gesi. Mvuke hufika kwenye silinda kupitia viungo vinavyogeuka kila injini inapokata kona, na uwazi uliopimwa kwa sehemu za milimita kule Manchester, ukigawanywa kwa 8, hakuna mashine ya nyumbani itakayoukereza.