Mwiba Kwenye Picha: Miaka 200 ya Kutafuta Chanzo cha Maumivu ya Kisigino

Umeamka asubuhi, umeshusha miguu kitandani, na ile hatua ya kwanza tu ni kama umekanyaga msumari. Unachechemea mpaka bafuni huku umeshika ukuta. Baada ya muda maumivu yanapungua, unajisahau, unaendelea na shughuli zako. Halafu unakaa kwenye daladala nusu saa, ukishuka kituoni ni yale yale. Kama hali hii unaijua, karibu. Kama huijui, inawezekana kabisa kuna mtu nyumbani kwenu anayeijua, hasa kama amevuka miaka 40 na kazi yake ni ya kushinda amesimama.

Kwetu ni mama mdogo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, amesimama mbele ya ubao miaka ishirini na kitu. Mwaka jana alipigwa eksirei ya mguu, akaoneshwa kwenye picha kimfupa kilichochongoka chini ya kisigino, akaambiwa huo ndio mwiba unaomchoma na dawa yake ni kuukata. Jioni akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si umesoma? Hebu niangalizie kama kweli nikatwe."

Mimi si daktari, nasomea historia ya sayansi. Lakini nilipoanza kuchimba niliona kwamba swali la mama mdogo ni la historia kabisa. Nani alisema kwamba mwiba ule ndio unaochoma? Na alijuaje?

Kwanza tuelewane kuhusu mguu wenyewe. Chini ya unyayo wako, kuanzia mfupa wa kisigino mpaka kwenye mashina ya vidole, kuna utando mnene, mgumu kama mkanda wa ngozi. Ukibonyeza kwa dole gumba upande wa ndani wa kisigino, pale utando unaposhikana na mfupa, ndipo wagonjwa wengi huruka kwa maumivu. Leo madaktari huita tatizo hili plantafasaitisi. Waingereza wa zamani waliliita kisigino cha polisi, kwa sababu ya askari waliokuwa wakizunguka mitaa kwa miguu kutwa nzima. Binafsi naona lile jina la mtaani lilikuwa karibu zaidi na ukweli, na utaona kwa nini.

Wanaoandika historia ya tatizo hili kwa kawaida huanza na daktari aitwaye Wood, mwaka 1812, ambaye anatajwa kuwa alilihusisha na kifua kikuu. Usimcheke. Wakati ule kifua kikuu kilionekana kila mahali, na mifupa kweli kilikuwa kinaishambulia.

Kisha ikaja eksirei. Wilhelm Röntgen aligundua miale yake huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na ndani ya miezi michache hospitali za Ulaya na Marekani zikawa zinapiga picha za mifupa ya watu walio hai. Fikiria msisimko uliokuwepo. Mwaka 1900 Mjerumani mwingine, Plettner, akaeleza kimfupa kilichochomoza chini ya kisigino, akakipa jina lenye maana ya mwiba wa kisigino. Basi, kazi imekwisha! Mgonjwa anasema anachomwa, picha inaonesha kitu chenye ncha. Ni nani angebisha?

Kilichobaki kilikuwa kueleza mwiba umetoka wapi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zilikuwa zama za vijidudu. Albert Neisser alikuwa amekwisha kutambua kijidudu cha kisonono mwaka 1879, na madaktari walikuwa wanasaka vijidudu nyuma ya karibu kila ugonjwa. Mwaka 1906 William S. Baer, daktari wa mifupa huko Baltimore, aliandika makala kuhusu visigino vyenye maumivu, akavihusisha na kisonono. Maelezo hayo yakashika, na likazuka jina la kisigino cha kisonono.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mgonjwa wa enzi zile. Wewe ni mhudumu wa hoteli, au mama wa watoto wanne unayefua nguo za watu. Kisigino kinakuuma kwa sababu unasimama saa kumi na mbili kwa siku. Unaenda kwa daktari, naye kabla hata hujavua kiatu anaanza kukuhoji umelala na nani, au mume wako anatembea na nani. Kisigino kikauma, na heshima ya nyumba nayo ikatiwa doa. Katika kusoma kwangu kote, hapa ndipo nilipokasirika.

Haki itendeke kwa Baer, hakuwa mtu mjinga. Ndiye yule yule ambaye, baada ya kuona kwenye Vita Kuu ya Kwanza jinsi vidonda vya askari vyenye funza vilivyokuwa safi, alikuja kutibu mifupa iliyooza kwa kutumia funza, mbinu ambayo hospitali zingine bado zinaitumia. Na hata suala la kisigino lilikuwa na chembe ya ukweli. Kuna ugonjwa wa viungo unaofuata baada ya maambukizi ya zinaa au ya tumbo, ambao unaweza kweli kushambulia kisigino. Ulibeba kwa miaka mingi jina la Hans Reiter, daktari wa jeshi la Ujerumani aliyeueleza mwaka 1916, mpaka jina hilo likaachwa kwa sababu Reiter alikuja kuwa mtumishi wa Wanazi. Kosa lilikuwa kuchukua kisa cha wachache na kukitwisha kila mtu mwenye kisigino kinachouma.

Kuhusu mwiba, kulikuwa na swali jepesi la kuuliza: je, watu wasioumwa wanao? Ukipiga picha wagonjwa tu, utaona miiba kwa wagonjwa tu. Mwaka 1963 S. S. Tanz alichapisha hesabu yake. Kati ya wenye maumivu, karibu nusu walikuwa na mwiba. Kati ya wasio na maumivu yoyote, takribani watu 15 katika kila 100 nao walikuwa nao, wanatembea zao bila habari. Na nusu nyingine ya wagonjwa hawakuwa na mwiba wowote, ila walikuwa wanaumia vile vile. Tazama tena picha za eksirei: kwa kawaida mwiba huu unaelekea mbele, kwenye vidole, hauelekei chini sakafuni. Ncha yake huikanyagi.

Mtu aliyenisaidia zaidi kuelewa ni J. H. Hicks, ambaye mwaka 1954 aliuchunguza mguu kama fundi anavyochunguza mashine. Fikiria ule mtambo wa melini unaozungushiwa mnyororo wa nanga. Ukiuzungusha, mnyororo unakaza. Hicks alionesha kwamba kila unaponyanyua kisigino na vidole vikakunjika kwenda juu, utando wa unyayo unajiviringisha kwenye mashina ya vidole, unakaza, na tao la mguu linainuka. Yaani kila hatua ni mvuto mmoja pale kisiginoni. Sasa zidisha kwa maelfu ya hatua kila siku, kwa miaka ishirini ya ubao na chaki. Polisi wa Waingereza walikuwa na haki.

Lakini tiba ilifuata njia nyingine, na nadhani jina lilichangia. Neno linapoishia na -itisi, daktari anasikia mchochota: kuvimba, joto, wekundu. Dawa ya mchochota ikawa imepatikana. Kotisoni ilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa viungo kwenye Kliniki ya Mayo mwaka 1948, ikaleta Tuzo ya Nobel mwaka 1950, na baadaye sindano za jamii hiyo zikaingia visiginoni. Zinapunguza maumivu, hilo si uongo, ingawa mara nyingi ni kwa wiki chache. Bei yake ilikuja kuonekana mwaka 1998, pale Acevedo na Beskin walipotoa taarifa ya wagonjwa 765: utando ulikuwa umekatika kwa 51, na 44 kati ya hao walikuwa wamechomwa sindano hizo.

Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake wakaangalia kwa darubini vipande vya utando vilivyotolewa kwa upasuaji kutoka visa 50. Mchochota hawakuukuta. Walikuta nyuzi zilizochakaa na kuvurugika, kama kamba ya ndoo iliyotumika mno kisimani.

Mwaka huo huo, Benedict DiGiovanni na wenzake huko Rochester, New York, walichapisha jaribio la watu 101 walioteseka miezi 10 au zaidi. Kundi moja lilinyoosha shavu la mguu na kano ya nyuma, jingine lilinyoosha utando wenyewe kabla ya hatua ya kwanza ya asubuhi. Baada ya wiki 8 kundi la pili lilikuwa na nafuu kubwa zaidi. Halafu mwaka 2014 Michael Rathleff na wenzake wa Denmark walionesha kwamba kujiinua polepole kwa vidole vya mguu mmoja, taulo ikiwa imekunjwa chini ya vidole, siku moja baada ya nyingine, kulileta nafuu ya haraka zaidi kuliko kunyoosha kufikia mwezi wa tatu. Kufikia mwezi wa 12 makundi yote mawili yalikuwa yanalingana. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna anayependa kuisikia: miezi, si siku.

Usichukue haya kama ruhusa ya kukwepa hospitali. Kisigino kinachouma usiku umelala, chenye ganzi, kilichovimba, au kinachokuja pamoja na homa au viungo vingine kuuma, kipeleke kwa daktari.

Nilimweleza mama mdogo yote haya, akaenda kwa daktari wa pili, na kisu kikaahirishwa. Sasa kabla hajashuka kitandani anapandisha mguu mgonjwa juu ya goti la pili, anavuta vidole kuelekea kwake mpaka unyayo ukaze, anahesabu mpaka 10, anarudia mara 10. Hurudia mchana na jioni pia. Darasani ameomba kiti. Ilimchukua miezi saba kufika bafuni bila kushika ukuta. Mwiba bado upo pale pale. Picha ameifungia kabatini.