Kwaya ya Kamina na Misa Luba: Mtungaji ni Nani?

Mnamo mwaka 2028 Misa Luba itatimiza miaka 70. Kwa desturi, sikukuu ya namna hiyo humheshimu mtungaji. Hapa ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu misa hiyo iliimbwa kabla ya kuandikwa.

Kamina, katika Katanga, ni mji uliokuzwa na reli. Tangu mwaka 1928 njia ya BCK iliunganisha Lubumbashi na Ilebo kwa kupitia hapo, na kwa njia hiyo watu wa Kasai na wa Katanga wakakutana. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15. Kwaya hiyo iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Jina la mfalme wa Ubelgiji juu ya watoto wa Kamina, miaka michache tu kabla ya uhuru, halihitaji maelezo marefu.

Tarehe 23 Machi 1958 kwaya iliimba misa hiyo katika misheni ya Mtakatifu Bavo. Maneno yalibaki ya Kilatini, jinsi Kanisa lilivyodai. Bali sauti na mapigo yalikuwa ya Kongo. Kyrie, Gloria na Credo vinafuata mtindo wa kasala. Sanctus na Benedictus vimetokana na wimbo wa kuagana, Hosanna ni ngoma ya Kasai, na Agnus Dei imejengwa juu ya wimbo wa Bena Luluwa. Maelezo ya kawaida husema kwamba kasala ni wimbo wa maombolezo. Maelezo hayo ni finyu. Tangu Patrice Mufuta alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1969, tunajua kwamba kasala ni kwanza sanaa ya kutaja majina ya sifa, ya mtu na ya ukoo wake; msiba ni mojawapo tu ya nafasi zake. Basi Kyrie ya Kamina si kilio tu: ni namna ya kumwita mkuu kwa heshima anayostahili. Ikumbukwe pia kwamba kasala ni mali ya Waluba wa Kasai hasa, ilhali Kamina ni nchi ya Waluba wa Katanga. Jina "Luba" linaficha mchanganyiko wa mji wa reli.

Waimbaji walikubaliana kwanza juu ya mapigo, mwendo wa sauti na upatano wake. Kisha kila mara walibuni mengine papo hapo. Hata santuri ya mwaka 1958 haikutokana na nota zilizoandikwa. Nota zilichapishwa baadaye, na jina lililowekwa juu yake ni la Haazen, kama mpangaji. Kazi yake ya kukusanya, kuchagua na kuongoza haiwezi kukanushwa. Lakini yule aliyebuni mwendo wa sauti wakati wa kuimba alifanya kazi ambayo kwingineko ingeitwa utungaji.

Mwaka huohuo wa 1958 kwaya ilisafiri hadi Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ulikubali muziki wa mataifa katika ibada. Kamina ilikuwa imetangulia kwa miaka mitano. Mwaka 1968 Sanctus ilisikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo if...., kuhusu maasi ya wanafunzi, mbali kabisa na altare.

Mwaka 1990 ilitoka santuri mpya ya Misa Luba, iliyoimbwa na Muungano National Choir ya Kenya, chini ya uongozi wa Boniface Mganga. Kwa Wakenya hao, ubunifu wa wavulana wa Kamina ulikuwa umekwisha kuwa maandishi ya kujifunza na kufuata, kama misa yoyote ya Haydn.