Fid Q: Ngosha wa Mwanza aliyejenga jina kwa vina

Fareed Kubanda, anayejulikana zaidi kwa jina la Fid Q, ni msanii wa hip hop mzaliwa wa Mwanza. Mashabiki humwita pia Ngosha. Kwa Kisukuma ngosha ni mwanaume, na mijini neno hilo limezoeleka kama jina la utani la Msukuma yeyote, mara nyingine kwa kumcheka aliyetoka bara. Yeye alilichukua akalivaa kama cheo. Kwa miaka mingi amefanya muziki bila kuficha ametoka wapi, na ana wimbo mzima unaoitwa "Mwanza Mwanza".

Alipoanza kusikika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, rapu ya Kiswahili haikuwa na umri mkubwa. Saleh Jabir ndiye aliyewashangaza watu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya biti za Kimarekani. Baadaye akaja Mr II, ambaye leo wengi wanamfahamu kama Sugu, na kuonyesha kwamba maisha ya mtu wa kawaida yanaweza kusimuliwa kwa mtindo huo na kanda zikauzika. Mwanza nako hakukuwa kimya, kwani Radio Free Africa ilirusha matangazo yake kutoka hapa hapa na kusikika mbali sana. Shida ilikuwa studio na wasambazaji. Walio wengi walikuwa Dar es Salaam, na kutoka hapa hadi kule ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Kijana wa Nyegezi au Kirumba mwenye daftari la mashairi alilazimika kupanda basi, kutafuta ndugu wa kumpokea, kisha kusubiri zamu studio. Wengi walirudi na daftari lao.

Fid Q hakupotea katika msongamano huo, na tunaamini sababu kubwa ni uandishi wake. Albamu yake ya kwanza iliitwa "Vina Mwanzo Kati na Mwisho". Kwa msikilizaji aliyesoma ushairi shuleni, jina hilo linasema kitu. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani 16, na vina viwili: cha kati na cha mwisho. Fid Q aliongeza mwanzo, kana kwamba anawaambia wazee wa mashairi kwamba vijana wa kitaa nao wanaijua kazi hii na wanaweza kuisogeza mbele.

Hapa tueleze kidogo, maana watu husema fulani ni mkali wa mistari bila kusema ukali huo uko wapi. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo kufananisha mwisho tu ni rahisi mno. "Samaki" na "wakati" yote yanaishia na i, lakini sikio haliridhiki. "Samaki" na "hataki" yanafanana kuanzia irabu inayobeba mkazo hadi mwisho, na hapo ndipo msikilizaji anatikisa kichwa. Mwandishi mzuri hufanya hivyo mara kadhaa ndani ya mstari mmoja huku maana ikiendelea kutembea. Fid Q huongeza methali aliyoigeuza, au neno lenye maana mbili linalokufikia ukiwa umeshavuka mstari wa tatu. Ndiyo maana nyimbo zake nyingi hazieleweki zote kwa kusikiliza mara moja. Kuna wanaoliona hilo kuwa kasoro. Sisi hatulioni hivyo, ingawa tunakubali kwamba sherehe ya harusi haiwezi kuchangamka kwa mafumbo peke yake.

Albamu ya pili, "Propaganda", ilitoka 2009. Ya tatu, "KitaaOLOJIA", ilitoka 2019. Katikati ni miaka 10, na katika miaka hiyo biashara yenyewe ya muziki ilibadilika. Zamani kanda ilinunuliwa dukani, na msanii angalau alilipwa na msambazaji, hata kama kidogo. Kisha zikaja memori kadi. Mpaka leo, katika magulio mengi ya Kanda ya Ziwa, yupo kijana mwenye kompyuta anayeingiza nyimbo kwenye simu kwa malipo madogo. Mteja anaondoka ameridhika, na mwenye wimbo hapati hata shilingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda msanii, lakini gulioni ni vigumu kuisimamia. Wasanii wakahamia kutegemea matamasha, miito ya simu na baadaye mitandao, ambako wimbo mmoja mmoja una faida kuliko albamu.

Fid Q naye alitoa nyimbo mojamoja na kushirikiana na waimbaji. "Siri ya Mchezo" alifanya na Juma Nature, "Roho" na Christian Bella. Jambo lililozua maneno zaidi ni "Fresh" ya 2017. Wimbo ulikuwa tayari unapigwa, kisha ikatoka rimiksi yenye Diamond Platnumz na Rayvanny, ambao wakati huo walikuwa juu kabisa katika Bongo Fleva. Baadhi ya wapenzi wa hip hop walinuna, wakisema mzee wa vina amefuata soko. Lakini ukiisikiliza, yeye hakubadilisha uandishi wake. Waimbaji ndio waliokuja kwake, na watu ambao hawakuwahi kumsikiliza wakaanza kuuliza huyu ni nani.

Baada yake Mwanza imetoa wengine, akiwemo Young Killer Msodoki kwenye rapu na Baraka The Prince kwenye kuimba. Studio siku hizi zipo hata huku kwetu, na kijana anaweza kurekodi bila kukata tiketi ya Dar.

Kwa asiyemjua Fid Q, tunashauri aanze na "Mwanza Mwanza", afuatie "Propaganda", kisha "Fresh" ile ya kwanza kabla ya rimiksi. Asikilize kwa spika za masikioni, na kila mstari mgumu aurudie.